Idadi Isiyojulikana ya Mifugo

Kuna sentensi ambayo msikilizaji wa taarifa ya habari nchini Kenya anaweza kuimaliza kabla msomaji hajavuta pumzi. Watu kadhaa wameuawa na wengine wanauguza majeraha baada ya wavamizi waliojihami kwa bunduki, wanaoshukiwa kuwa majangili, kuvamia kijiji kimoja alfajiri na kutoroka na idadi isiyojulikana ya mifugo. Taharuki imetanda. Maafisa wa usalama wanawasaka washukiwa. Kinachobadilika ni jina la mahali tu: leo Katilu, kesho Kainuk, wiki ijayo Kapedo. Sentensi yenyewe imekaa kama sufuria ya hotelini, imezoea moto na haijali kinachopikwa ndani. Nimeichagua hii nikaacha misemo mingine ya uanahabari kwa sababu ile mingine haina madhara makubwa. Waandishi wakisema stori imekufa, wakikimbizana na dedilaini, wakimwita mwenzao kanjanja kama wafanyavyo Tanzania, au wakinong'onezana kuhusu bahasha aliyoiacha mwenye mkutano, wanazungumza wao kwa wao, kama makuli wa bandarini au makanga wa matatu. Inayohitaji kuchunguzwa ni lugha ya kazi iliyotoka mezani kwa mhariri, ikaingia redioni, ikazoeleka, nasi tukasahau kwamba ni lugha ya kazi.

Tuanzie mwishoni, penye mifugo. Idadi hiyo haijulikani kwa nani? Mfugaji wa bonde la mto Turkwel, huko Turkana, hahitaji daftari ili ajue kilichotoka zizini. Mbuzi kwake si mia na ishirini. Ni yule mwekundu mwenye baka jeupe shingoni, yule wa pembe iliyokatika, yule aliyezaa mapacha mvua zilizopita, yule aliyekuja kwa mahari na bado hajazoeana na wenzake. Masikio yamekatwa kwa alama ya ukoo, ngozi ya ngamia imechomwa chapa. Mwanamume wa Kiturkana huweza kuitwa kwa jina la dume lake alipendalo, kwa rangi yake na mkunjo wa pembe zake, hata kumtaja mtu kukawa ni kumtaja mnyama. Kundi likirudi jioni, mtoto aliyelichunga hutambua upungufu bila kuhesabu, kama ulimi unavyotambua jino lililong'oka. Kwa hiyo mara baada ya uvamizi hasara imeshajulikana hadi mwanambuzi wa mwisho, na wenyewe wanajulikana, na watoto waliokuwa wakinywa maziwa yale wanajulikana. Asiyejua ni chumba cha habari. Ila Kiswahili kimemjalia mwandishi kitenzi kinachoweza kuuhamisha ujinga kutoka kwa mtu kwenda kwa kitu. Ukisema "sijui" umejitaja. Ukisema "hatujamuuliza mwenye mali" umejishtaki. Ukisema "haijulikani" hujamtaja mtu yeyote, na sifa ya kutojulikana wamebebeshwa mbuzi, kana kwamba walizaliwa nayo.

Nisionekane nawadhihaki watu wanaofanya kazi ngumu. Kaunti ya Turkana ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 926,976. Vyombo vya kitaifa hutegemea mwandishi mmojammoja aliyeko Lodwar, mara nyingi asiye na mshahara, analipwa kwa kila habari inayotumika. Barabara kutoka Lodwar kushuka Lokichar hadi njia panda za kuelekea Katilu ndiyo hiyohiyo inayoweza kumweka yeye mwenyewe ndani ya habari. Anapopata fununu, wa kwanza kupokea simu ni chifu au mkuu wa polisi, na polisi husema kwa lugha ya kitabu cha matukio: mshukiwa, mwendazake, silaha butu, uchunguzi unaendelea. Nairobi nako wanaitaka taarifa kabla ya saa moja jioni. Katika dakika chache kati ya simu ya polisi na simu ya mhariri hakuna nafasi ya kuuliza habari za mbuzi mwekundu. Sentensi iliyokwisha kutengenezwa ni msaada wa kweli, kama kamba iliyokwisha kufungwa kitanzi. Haihitaji kufikiriwa, haikosewi, na mhariri haikatai. Nakubali yote hayo. Lakini kukubali kwamba kitanzi ni chepesi hakutuzuii kutazama kinamkaba nani.

Utetezi ulio mzito zaidi ni wa amani. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, Kenya ilipitisha mwaka 2008 Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, inayoadhibu maneno ya kuchochea chuki ya kikabila. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa madai yanayohusiana na ghasia hizo, na majaji walipoisitisha kesi yake Aprili 2016, kila aliyewahi kushika maikrofoni nchini alikuwa ameshapata somo. Mtangazaji anayesema jioni kwamba Wapokot wamewavamia Waturkana anaweza kuamka na habari ya kisasi. Ndiyo sababu tuna "wanaoshukiwa", tuna "wanaoaminika kuwa", tuna "jamii jirani". Ni tahadhari yenye adabu, nami siidharau. Tatizo ni kwamba inamficha asiye wa kufichwa. Mkulima wa mtama pale Katilu akisikia "jamii jirani" hana haja ya kufasiriwa. Anawajua majirani zake kwa vilima wanavyoshukia. Anayeachwa gizani ni msikilizaji wa Nyeri au Kilifi, yule hasa ambaye hawezi kuchochewa kwa kuwa hana upande. Na giza hilo halikai tupu. Asipoambiwa kundi lile lilikuwa la vijana wangapi, lilitoka kambi gani, lilidai kisima kipi au lililipiza tukio gani la mwezi uliopita, msikilizaji hujaza pengo kwa kitu kilicho karibu, na kilicho karibu daima ni kabila. Maelezo kamili yangewapunguza wahusika wakawa watu. Ukungu unawazidisha wakawa jamii nzima.

Neno la tahadhari likitumika sana huacha kuwa tahadhari, likawa jina. Tanzania imetupa mfano wazi kuliko wote. "Watu wasiojulikana" yalikuwa maneno ya kawaida ya taarifa ya polisi na gazeti. Mwandishi aliyaandika kwa kuwa kweli hakuwa na jina la kuandika. Yakatumika katika mauaji ya Kibiti na Rufiji. Yakatumika Septemba 2017, mbunge wa upinzani Tundu Lissu alipopigwa risasi Dodoma mchana kweupe. Mnamo Novemba mwaka huohuo Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyekuwa akiripoti mauaji ya Kibiti, akatoweka. Kufikia hapo wasiojulikana walikuwa wameshageuka nomino kamili, wanatajwa vijiweni kwa tabasamu lisilo na furaha, kila mmoja akiwa na dhana yake kuhusu ni akina nani. Lugha ya habari iliishia kuunda mhusika mwenye jina, mwenye mazoea, asiyeweza kushtakiwa. Majangili wa Kenya ni ndugu wa mhusika huyo.

Neno hilo jangili, hata hivyo, lina safari yake. Kwa msomaji wa Dar es Salaam jangili ni mwindaji haramu, muuaji wa tembo. Mwambie majangili wamevamia kijiji, atauliza kijiji kina faru wangapi. Kenya imelichukua neno, ikalihamisha porini na kulipeleka zizini, kwa sababu magazeti ya Kiingereza yalikuwa na neno lao na Kiswahili cha habari kilihitaji la kulijibu. Kabla ya jangili walikuwapo wengine. Vita vya kudai kujitenga kwa Kaskazini Mashariki vilipoanza mwaka 1963, neno "shifta" liliazimwa kutoka Uhabeshi, nalo likatosha kulifuta dai lote la kisiasa: shifta hana dai, ana bunduki tu. Kisha likaja neno lililozaliwa nyumbani Turkana, ngoroko, la kumtaja mvamizi aliyejitenga na wazee wake na kuishi kwa bunduki. Magazeti yakalipenda. Likatembea sana hata likafika Nakuru, ambako kikosi cha polisi kilichoundwa kupambana na wizi wa mifugo kilipachikwa jina hilohilo; na baada ya Jomo Kenyatta kufariki Agosti 1978, Ngoroko wa kwenye magazeti hawakuwa tena wezi wa ng'ombe bali polisi waliodaiwa kupanga njama ya kumzuia Daniel arap Moi asishike urais. Waandishi wawili, Joseph Karimi na Philip Ochieng, waliieleza habari hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1980. Fikiri neno hilo lilivyozunguka: limetoka kwa wafugaji kumtaja mhalifu wao, limepewa askari wanaomsaka, limeishia katika fitina za ikulu, na katika safari yote hiyo hakuna aliyerudi kumuuliza mfugaji lilimaanisha nini mwanzoni.

Majina haya huamua nani ataitwa kujibu. Ng'ombe wakichukuliwa kwa sababu ya kisima, wa kuitwa ni wazee wa pande mbili na mhandisi wa maji. Wakichukuliwa ili wauzwe mjini, aitwe mkaguzi wa mnada na dalali. Jangili akisemwa, anaitwa askari peke yake. Februari 2023, baada ya polisi kuuawa kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar upande wa Kainuk, Kithure Kindiki, aliyekuwa waziri wakati huo, alizitangaza sehemu za kaunti sita, Turkana ikiwemo, kuwa zenye vurugu na hatari, na Jeshi la Ulinzi likatumwa kusaidiana na polisi katika operesheni iliyoitwa Maliza Uhalifu. Sidai kwamba magazeti ndiyo yaliyotuma jeshi, wala kwamba waliouawa hawakustahili kulindwa. Nadai kwamba miaka mingi ya kusikia neno moja iliifanya hatua hiyo ionekane jibu pekee, na kwamba neno hilo lilizuia pia kuonekana kwa jambo ambalo kila afisa wa kaskazini analijua: mhanga wa leo aliwahi kuwa mvamizi wa jana. Novemba 2012, polisi zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta karibu na Baragoi wakifuatilia mifugo ya Wasamburu. Waliotajwa safari hiyo walikuwa Waturkana. Takriban miaka miwili baadaye, mwishoni mwa Oktoba 2014, polisi wakauawa Kapedo, na waliotajwa walikuwa Wapokot. Katika lugha ya taarifa wote ni majangili, basi hakuna kisa, kuna mlipuko tu, na kila mlipuko unaanza upya kama mvua.

Na lile neno "waliojihami"! Kujihami ni kujikinga. Hami ni linda. Chumba cha habari kikalitumia kumaanisha kubeba silaha, na sasa kila siku tunaambiwa kwamba walioshambulia walikuwa wamejikinga kwa bunduki. Ni kosa la lugha, mwalimu angelipigia mstari mwekundu, lakini ni kosa lililoangukia kwenye ukweli. Bunduki nyingi za kaskazini zilinunuliwa hasa kwa kujihami, mahali ambapo serikali yenyewe huwapa raia silaha wawe polisi wa akiba kwa kuwa askari hawatoshi. Sentensi imesema kweli bila kukusudia, kisha ikapita.

Habari nyingine kubwa ya Turkana ni njaa, na hapa pana jambo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi lugha ya kazi inavyoukata ulimwengu vipande. Katika mpangilio wa taarifa, ukame ni habari ya hali ya hewa na misaada. Uvamizi ni habari ya usalama. Ugonjwa wa mifugo ni habari ya kilimo, yaani haisomwi. Zina waandishi tofauti, picha tofauti na hata muziki tofauti. Waturkana wamezoea kuipa miaka mibaya majina. Kipindi cha kuanzia 1979 hadi 1981 kinaitwa Lopiar, kufagia. Kilichofagiwa hakikuwa na sababu moja: mvua ilikosa, maradhi ya mapafu yakaua mbuzi, na baada ya Idi Amin kuanguka Aprili 1979 ghala la silaha la kambi ya Moroto nchini Uganda likaporwa, bunduki zikamiminika mpakani na mifugo iliyopona ukame ikachukuliwa kwa risasi. Kimududu, jina la mwanzoni mwa miaka ya 1970, nalo linataja maafa yaliyowapata watu na wanyama pamoja. Jina moja kama Lopiar linashika vitu vitatu kwa mkono mmoja. Taarifa ya habari ingevigawa kwa madawati matatu, na msikilizaji asingejua kamwe kwamba mtu aliyepanga foleni ya unga kwenye habari ya pili ndiye yuleyule ambaye idadi ya mifugo yake haikujulikana kwenye habari ya kwanza.

Mtindo huo wa kukata ulionekana wazi Machi 2019, vyombo vya habari viliporipoti kwamba watu wamekufa njaa Turkana, naye Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, akakanusha kwamba kuna aliyekufa. Mjadala ukageuka kesi ya neno moja. Je, mtu mzee aliyekonda miezi mitatu kisha akachukuliwa na homa amekufa njaa au amekufa homa? Daktari ataandika homa, na hatakuwa amesema uongo. Mwandishi alihitaji "kufa njaa" kwa kuwa bila maneno hayo habari isingefika ukurasa wa kwanza. Serikali ilihitaji kuyakana kwa kuwa maneno hayohayo ndiyo yaliyokuwa mashtaka. Wiki nzima ikateketea hapo, wakati jambo ambalo pande zote mbili zingelikubali bila ugomvi, kwamba watu hawakuwa na chakula na kundi lilikuwa limekwisha, lilikosa kichwa cha habari. Neno lenye nguvu mno ni rahisi kukanwa.

Katilu yenyewe inateseka kwa namna yake chini ya droo hizi za habari, ya ukame na ya uvamizi, kwa sababu haiingii yoyote. Iko kando ya mto Turkwel, chini ya bwawa linalozalisha umeme tangu miaka ya 1990, na kwa miongo mingi watu wake wamelima kwa kumwagilia maji: mahindi, mtama, mfereji mkuu na mifereji midogo, zamu za maji na ugomvi wa zamu za maji. Kuna habari za kutosha mwaka mzima kwenye mfereji mmoja wa namna hiyo: nani kaziba, nani kafungua usiku, mchanga umejaa wapi, ngamia wa nani wameingia shambani. Lakini mkulima wa Turkana mwenye maji si "eneo kame", wala si "wakazi waliohangaishwa na majangili", basi hadi risasi ilie hana pa kutajwa. Afadhali hazina ya ardhini. Droo ya tatu ni hiyo: mafuta ya Lokichar yalipotangazwa Machi 2012, dhahabu nyeusi ikatiririka kwenye vichwa vya habari miaka mingi kabla ya lori la kwanza kuondoka Juni 2018, na Septemba 2013 ilipotangazwa bahari ya maji chini ya Lotikipi, kaunti ya kiu ikawa ghafla kaunti ya kuinywesha Kenya nzima, hadi vipimo vya baadaye vilipoonyesha kuwa maji yaliyopatikana pale yana chumvi. Habari ya chumvi haikutangazwa kwa sauti ileile.

Atasema mtu kwamba namsifu mfugaji kupita kiasi, kwamba lugha ya kwake nayo ina droo zake. Ni kweli, na pingamizi hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kiturkana kina neno emoit, linalomtaja mgeni na adui kwa pumzi moja, na neno linaloanza hivyo haliwezi kuwa shahidi asiye na upande. Mwandishi akiyachukua maneno ya kijiji jinsi yalivyo, atakuwa amebadilisha upofu wa Nairobi kwa chuki ya mtoni. Tena kumbukumbu ya mwenye mbuzi huweza kuongezeka kidogo fidia inapokaribia. Watu ni watu. Lakini pingamizi hilo linataka tuulize zaidi, si tuulize kidogo. Mwenye mali akisema wametoka hamsini na chifu akisema thelathini, hiyo ni habari, na msikilizaji anaweza kupima. Hamsini na thelathini zote zikifutwa na kuandikwa "isiyojulikana", hakuna tena cha kupima. Katika kambi ya Kakuma, wakimbizi walianzisha gazeti lao la KANERE mwaka 2008, na kazi kama hiyo haiwaondolei waandishi upande wao. Inamwezesha msomaji kuona upande huo uko wapi.

Wapo pia watakaosema kwamba maneno ni maneno na risasi ndiyo inayoua, hivyo kuchambua "imetanda" wakati watu wanazikwa ni anasa. Ningekubali kama wanaozika wasingekuwa wanasikiliza. Wanasikiliza. Taharuki imetanda, wingu la simanzi limetanda: wanaambiwa hivyo watu wa nchi ambayo wingu halisi likitanda ndiyo habari ya msimu, na kila mtu hutoka nje kulitazama. Mtangazaji wa redio ya Lodwar, anayepokea taarifa ya Nairobi na kuisoma kwa Kiturkana, ana kazi ambayo mhariri hakuifikiria. "Maafisa wa usalama" ataweza. "Wanaoshukiwa" ataizunguka. Akifika kwenye idadi isiyojulikana ya mifugo itambidi aisome kwa watu ambao usiku kucha wamekuwa wakiitaja mmojammoja, mwekundu wa baka jeupe, wa pembe iliyokatika, aliyezaa mapacha, nao watapunguza sauti ya redio ili waendelee kuhesabu.